Mstari Usio na Shahidi

Mwanaidi ameniomba niwaandikie kurasa chache za kubandika mwanzoni mwa daftari jipya. Anasema ninyi vijana mnaoanza kazi mwezi huu mnalicheka daftari, mnauliza inakuwaje mafundi wa mtandao, watu wenye laptopu mbili mbili mezani, bado wanaandika kwa kalamu kwenye kaunta buku. Chekeni tu. Na mimi nililicheka nilipokuwa na umri wenu, na suruali yangu ilikuwa na pasi kuliko zenu. Ila kabla hamjalitupa, nataka mjue lilimfanya nini dada yenu huyo mnayemwita bosi, na mimi nilimfanya nini, maana habari mnayosimuliwa hapo ofisini imetiwa sukari.

Mimi ni yule Mzee Wasiwasi. Jina nililopewa na wazazi wangu kule Newala ni Chilumba, lakini Kariakoo nzima hakuna anayelitumia. Nilifanya kazi kwenye kampuni hii ndogo ya mtandao tangu ikiwa na wateja wachache hadi nilipostaafu miaka michache iliyopita, na sikumbuki siku hata moja niliyofanya kazi bila wasiwasi. Wenzangu wakifunga ofisi walikwenda zao. Mimi nilikuwa nafika ngazi za ghorofa ya pili, nasimama, narudi juu hadi ya nne kuangalia kama kweli nimehifadhi nilichokibadilisha. Lifti ya jengo letu ilikuwa mbovu nilipoanza na ilikuwa mbovu nilipoaga, kwa hiyo kila wasiwasi wangu nimeulipia kwa magoti. Wakinitania, nilikuwa nawajibu: wasiwasi ndiyo akili. Nilijiona mwangalifu sana.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, kwa maneno ya kawaida, kwa sababu chuoni mmefundishwa kwa maneno makubwa.

Rauta ni mtu aliyesimama njia panda, anaulizwa njia kutwa nzima. Mzigo unafika, unasema nakwenda Magomeni, naye lazima aseme pita huku. Anajuaje? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuambizana. Rauta zinaongea na majirani zake kila baada ya sekunde chache: mimi ninaifikia Magomeni, mimi ninaifikia Kivukoni, kwangu ni karibu, kwangu ni mbali. Jirani akinyamaza muda mrefu, wenzake wanajua amepatwa na jambo, wanatafuta njia nyingine wenyewe bila kukuamsha. Ya pili ni wewe fundi kuiandikia kwa mkono wako: mzigo wa Magomeni, pita huku, basi. Ninyi mnaiita statiki. Sisi tuliiita njia ya mkono.

Mkisahau yote, hili msilisahau. Rauta ikisikia neno kwa majirani, na wewe ukawa umeiambia neno jingine kwa mkono, inakuamini wewe. Majirani wote waseme daraja limevunjika, yenyewe itapeleka mzigo kwenye daraja lile lile kwa sababu wewe ulisema. Haikuulizi ulisema lini. Haikuulizi kama bado una akili zako. Imani hiyo ilinitia hofu maisha yangu yote, na bado siku moja niliisahau.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Zuhura, mtoto wa Magomeni, aliyeanza na simu za waya kabla ya mambo haya. Alivaa baibui, na kwenye mkoba wake mlikuwa na bisibisi tatu, tochi na kashata. Alikuwa mkali, lakini mkali wa kukuchekesha kwanza ili ukiumia usiweze kununa. Sheria yake ilikuwa moja: njia ya mkono haiandikwi bila mashahidi wawili.

"Hii ni ndoa," alikuwa anasema. "Unaiozesha Magomeni kwa waya mmoja. Wapi umeona ndoa bila mashahidi? Na siku ya kuitoa nataka mashahidi vile vile, isije ikawa mtu kaachwa hana habari."

Basi ulikuwa unausoma mstari kwa sauti, namba moja baada ya nyingine, wawili wanakusikiliza, halafu ndipo unabonyeza. Kisha kwenye daftari: aliyeweka, mashahidi, sababu, na siku ya kuutoa. Msidhani ni ushirikina. Mara ngapi nimesoma namba kwa sauti nikajisikia mwenyewe nimekosea kabla shahidi hajafungua mdomo! Macho yanasamehe, masikio hayasamehe. Siku moja ofisini tulikuwa wawili tu, akamwita muuza kahawa wa pale chini apande kuwa shahidi wa pili. Yule bwana akaweka birika chini, akasikiliza namba zote kwa adabu, akatia sahihi, halafu akauliza, "Bi Zuhura, samahani, hawa wanaooana ni akina nani?" Kwenye daftari la kwanza mtaikuta sahihi yake mara tatu. Hakupata kuelewa, lakini alikuwa shahidi mzuri, maana alisikiliza.

Kabla sijafika ninakokwenda, niwape jambo moja la bure. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimekaa Kariakoo nikirekebisha rauta iliyoko Kivukoni, kwenye ofisi moja jirani na soko la samaki. Nikaandika njia ya mkono ya kupeleka kila kitu upande mpya. Nikabonyeza. Kimya. Niliyempeleka upande mpya nilikuwa mimi mwenyewe pamoja na mazungumzo yangu na rauta ile. Nilikuwa nimekata tawi nililolikalia. Nilikwenda kwa miguu hadi Feri, huko huko Kivukoni, juani, nikapita katikati ya mnada wa samaki na laptopu kichwani, mlinzi akakataa kunifungulia kwa sababu nanuka. Nilivyorudi Bi Zuhura alicheka hadi akakaa. Kisha akanifundisha: kabla hujaigusa rauta ya mbali, iagize ijizime na kuwaka upya yenyewe baada ya dakika kumi. Usihifadhi ulichobadilisha. Ukijifungia nje, subiri tu, itawaka na mambo yake ya zamani na itakufungulia. Ukiona mambo ni mazuri, futa agizo, ndipo uhifadhi. Nimefanya hivyo miaka yote iliyofuata, hata kwa rauta iliyokuwa chini ya meza yangu.

Bi Zuhura alifariki ghafla, presha, Jumatano asubuhi, akazikwa siku ile ile alasiri. Ofisi nzima ilikwenda kuzika. Bosi wetu wakati huo, Bwana Mbawala, alinishika bega akasema, "Chilumba, mtu mmoja lazima abaki. Baki wewe, ndiye unayeogopa kuliko wote. Utakuja msibani jioni." Niliumia. Mwalimu wangu anakwenda kufukiwa, na mimi naachwa na mashine. Lakini sikubisha, bosi ni bosi.

Saa nane mchana simu zikaanza. Magomeni yote haipati mtandao. Nikaingia kwenye rauta yetu ya Kariakoo nikaona jambo la ajabu: inasema Magomeni iko Kivukoni. Fundi wa mteja mmoja wa kule Kivukoni alikuwa amefunga rauta mpya, na kwa uvivu akanakili mipangilio yote ya tawi lake la Magomeni bila kubadilisha anwani. Rauta yake ikawa inatangaza kwa majirani, Magomeni ni hapa kwangu, tena karibu kabisa. Na majirani, kwa kuwa wanaambizana kwa nia njema, wakaamini. Hii ndiyo hatari ya kuambizana. Mmoja akisema uongo, mtaa mzima unapotea.

Nikampigia yule fundi, simu haipatikani. Dawa nilikuwa naijua: njia ya mkono. Niiambie rauta yetu, Magomeni pita kwenye faiba, ule waya wetu wa mwanga uliofukiwa ardhini, waache hao waseme wanavyosema. Ila shahidi yuko wapi? Nilishuka ngazi zote nne kumtafuta muuza kahawa. Birika halipo. Naye alikuwa amekwenda kuzika.

Nikapanda tena. Nikausoma mstari kwa sauti, peke yangu, chumba kitupu. Nikabonyeza, Magomeni ikarudi, simu zikatulia. Daftari lilikuwa pale mezani. Nililishika nikashindwa kulifungua, kwa sababu nilijua ukurasa wa mwisho una mwandiko wake wa juzi. Nililia kidogo. Kisha nikachukua kalamu, mimi naandika kwa kushoto, nikaandika kwenye kiganja cha mkono wa kulia: TOA MAGOMENI. Nikasema nitauandika mstari daftarini kesho, macho yakiwa makavu.

Jioni nikaenda msibani Magomeni. Nikapeana mikono na ndugu zake, nikakaa kwenye mkeka na wanaume wengine, pilau ikaletwa. Akapita kijana na jagi na beseni, nikanyoosha mikono nikanawa. Nilinawa vizuri, kwa sabuni, kama mtu aliyelelewa. Na pilau ilikuwa tamu, nasema hivyo kwa aibu.

Kesho yake fundi wa Kivukoni alirekebisha rauta yake mwenyewe, bila hata kutuambia. Kila kitu kikawa sawa. Kiganja changu cheupe, wino umekwenda na maji ya msibani. Mstari usiouma haukukumbushi kitu.

Miaka ikapita. Rauta ile ilibadilishwa mara mbili, na kila mara mipangilio ya zamani ilinakiliwa yote kwenda kwenye mpya, na mstari wangu ukahamia humo kama mende kwenye kabati. Mizigo ya Magomeni ilipita kwenye faiba kila siku, na ndiko ambako ingepita hata bila mstari ule, kwa hiyo nani angejua? Juu ya paa tukafunga redio ya kurushia mawasiliano hadi Magomeni, kwamba siku faiba ikikatika, rauta zitaambizana na kuhamia hewani zenyewe. Tulijaribu redio, ikafanya kazi. Hatukujaribu kukata faiba. Mimi mwenye wasiwasi wote ule niliogopa kuikata kwa makusudi.

Mwanaidi aliajiriwa nikiwa nimebakiza nusu mwaka. Alitoka chuo, mtoto wa Magomeni kama Bi Zuhura, mpole, anasalimia watu wote kuanzia mlinzi. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Na niseme ukweli, hakuna aliyelishika daftari kwa heshima kama yeye. Ila Bwana Mbawala alikuwa na neno lake kuhusu vijana: hawa wa siku hizi wanataka njia za mkato.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, mashine ya kuchimba mtaro ilikata faiba yetu karibu na Msimbazi. Nilikuwa chini nakunywa chai. Nilipoitwa nikapanda ngazi kama kijana, nikakuta watu wamejazana kwenye chumba cha mitambo na Mwanaidi kakaa mbele ya laptopu, uso umemshuka. Asubuhi hiyo alikuwa ameingia kwenye rauta kumwongeza mteja mpya wa Msimbazi, kwa njia ya mkono, kwa mashahidi wawili, daftarini, kila kitu kama inavyotakiwa.

"Redio iko hewani, mzee," akaniambia. "Magomeni naiona. Ila mizigo haipandi redioni. Na taa ya faiba ni ya kijani, wakati wanasema imekatika."

Hilo la taa mlijue pia. Faiba haiingii moja kwa moja kwenye rauta yetu. Inaishia kwenye kiboksi kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na kutoka hapo kuna waya mfupi hadi kwenye rauta. Rauta inaona kile kiboksi tu. Kiboksi kikiwa na umeme, taa ni ya kijani, hata kama huko mbele faiba imetafunwa na tingatinga. Taa ya kijani inakuambia jirani wa mlango wa pili yu mzima. Haikuambii unakokwenda kuna nini.

Simu zilikuwa zinaita zote. Zahanati moja ya Magomeni hutuma picha za eksirei kwa daktari wa mjini azisome, na muuguzi wao alikuwa anapiga kila dakika: kuna mtoto kaanguka ukutani, picha haziendi, tumpakie kwenye bajaji au tusubiri? Bwana Mbawala anamjibu subirini dakika mbili, subirini dakika mbili, jasho linamtoka.

Nikakaa. Nikaomba orodha ya njia za mkono. Ziko nyingi, mnazijua. Nikashuka nazo moja moja kwa kidole, na mstari wa saba kutoka juu nikausoma mara mbili. Magomeni, pita kwenye faiba.

Kiganja changu cha kulia kilianza kuwasha. Sitanii, kiliwasha pale pale katikati.

Nikaufuta. Sekunde chache tu, mizigo ikapanda redioni, simu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mzee Wasiwasi katuokoa, jamani!" Nikapigiwa makofi kwa kuzima moto niliouwasha mwenyewe, na sikusema kitu.

Bwana Mbawala alisoma mstari ule kwenye orodha iliyokuwa bado kwenye skrini, kisha akalifungua daftari. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akafungua na la zamani, na lililotangulia hilo. Hakuuona.

"Nani kaweka huu?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Mwanaidi?"

"Si mimi, bosi. Mimi nimeweka wa Msimbazi tu, upo hapo."

"Sikiliza," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu. "Ofisi hii tangu enzi za Bi Zuhura haijawahi kuwa na mstari usio na shahidi. Wazee hawa hawawezi, wamelelewa hivyo. Kwa hiyo huu ni mpya. Na aliyeingia kwenye rauta leo ni wewe peke yako." Akanigeukia. "Au nasema uongo, mzee?"

Vijana, nimeyafikiria maneno niliyojibu mara nyingi kuliko maneno yoyote maishani mwangu. Nilisema, "Tuchunguze kwanza, bosi."

Mwanaidi aliniangalia mara moja, akainamisha macho. Akaambiwa aache funguo na kitambulisho, akakae nyumbani hadi Jumatatu, aje na maelezo ya maandishi, na kama maelezo hayaeleweki asihangaike kurudi. Akaweka funguo mezani taratibu. Akasema, "Sawa, bosi. Kwaheri, mzee," akashuka ngazi.

Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili, na kamati ya kuniaga ilikuwa imeshachapisha fulana, nyeupe, kifuani zimeandikwa WASIWASI NDIYO AKILI. Niliziona zimefungwa kwenye mfuko chini ya meza ya mhasibu. Nilijiona nimevaa fulana ile huku watu wote wanajua. Na kulikuwa na hofu ya chini zaidi, ambayo sikutaka hata kuigusa: kama huu ni wangu na niliusahau, mingine ni mingapi?

Alhamisi sikula. Ijumaa nilikwenda kazini, watu wakanipa hongera, nikaitikia. Jumamosi asubuhi nikaenda Magomeni.

Nilimkuta uani anaosha vyombo. Mama yake akanikaribisha kiti, akaingia ndani. Mwanaidi akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ule mstari ni wangu."

Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu, ukapotea wote. Nikategemea atashtuka, au atalia, au atanitukana kimoyomoyo. Hakufanya lolote. Alivuta kigoda akakaa.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki yangu ya pili. Niliuona, nikautafuta kwenye madaftari yote, haumo. Nikawauliza kina kaka mistari ya juu ni ya nani, bila kuutaja huu, wakaniambia hiyo ya juu ni ya wazee, usiiguse. Wazee wenyewe walikuwa wawili. Bi Zuhura wanasema hakuwahi kuandika nje ya daftari." Akatabasamu kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Nikabaki na wewe."

"Sasa kwa nini hukuutoa?"

"Ningeutoaje, mzee? Nikasema kama Mzee Chilumba kaweka, yule anayepanda ngazi mara tatu kuangalia kama kahifadhi, basi una sababu yake ambayo mimi siijui."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize nini? Mzee, hivi umesahau kitu? Mimi mtoto wa juzi?"

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma: na Alhamisi, mbele ya bosi, mbona hakusema? Akawa anakwangua sufuria kwa kucha.

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme," akasema.

Mama yake akatoka na chai na vitumbua, na jagi la maji na beseni. Nikanyoosha mikono. Nilipokuwa nanawa nilikiangalia kiganja changu muda mrefu hadi yule mama akauliza kama maji ni ya moto mno.

Jumatatu nilimkuta Bwana Mbawala kabla hajakaa. Nikamweleza yote, kuanzia mazishi hadi pilau. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kosa la siku ile, mzee, hata mimi ningelifanya. Tulikuwa na msiba." Kisha akauliza, "Ila hizi siku nne zilikuwa za nini?" Mstari ule ulikaa humo miaka kwa sababu nilisahau. Siku nne zile sikusahau hata dakika moja.

Mwanaidi alirudishwa siku ile ile, na bosi alimwomba radhi mbele ya watu, na mimi pia. Fulana hazikutupwa, kitambaa ni kitambaa. Nilivishwa yangu siku ya kuagwa, watu wakacheka, nikacheka. Siku hizi ninaivaa kulalia tu.

Basi hiyo ndiyo habari, haina sukari. Na sasa sikilizeni ninalowaomba. Mlifundishwa kwenu kuwaheshimu wakubwa, na mnafanya vizuri, msiache. Lakini mnapokuta mstari wa mzee usio na shahidi, heshima si kupita kando yake kwa kunyata. Njooni mniulize. Semeni shikamoo kwanza kama mnaona ugumu, halafu mniulize: mzee, hiki ni chako? Tutaona haya kidogo, tutakohoa, tutajidai tunatafuta miwani. Tuulizeni tu. Tunaogopa kuulizwa, na tunaogopa zaidi msipouliza.

Bwana Mbawala alipostaafu na Mwanaidi kukabidhiwa kitengo, jambo la kwanza alilofanya ni kuanza kupitia rauta zote, moja moja, Kivukoni, Msimbazi, Magomeni, kutafuta mistari isiyo na wenyewe. Kila akiupata ananipigia. Nikiona jina lake kwenye simu, nakaa kwanza ndipo napokea. Hadi sasa mitano ilikuwa yangu. Sikuwa hata nimeiota.

Wiki iliyopita alipiga saa nne asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Nna mstari hapa, unapeleka mzigo upande wa mtaa wa Gerezani. Haumo daftarini. Ni wako?"

Akanisomea namba, polepole, kama Bi Zuhura alivyotaka. Nikafumba macho. Nikatafuta mteja, mwaka, sura ya mtu, harufu ya ofisi. Hakukuwa na kitu. Na hilo, wanangu, lilinitisha kuliko ile mitano yote.

"Sikumbuki," nikasema. "Unaweza kuwa wangu. Sikumbuki."

Hakunionea huruma kwa maneno, namshukuru. Alisema, "Basi tuutoe pamoja, mzee. Rauta nimeshaiagiza iwake upya baada ya dakika kumi, sijahifadhi. Tuone nani atalia. Shahidi wa kwanza yuko hapa pembeni. Wewe wa pili."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nikasikiliza kila namba.

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza, akaiacha simu wazi juu ya meza. Nilisikia feni, na huko chini wapiga debe na honi, Kariakoo yenyewe, kama vile nimekaa kwenye kiti changu. Sikusikia simu ya ofisi ikiita. Dakika ya tatu. Dakika ya tano. Dakika ya saba.

"Kimya, mzee," akasema. "Hakuna anayelia. Nihifadhi?"

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja kidogo tena."